Tathmini ya hatari ya maporomoko ya theluji

Tathmini ya hatari ya maporomoko ya theluji ni kazi ya kupima, kabla ya safari na wakati wa safari yenyewe, kama theluji iliyolala juu ya mteremko wa mlima inaweza kukatika na kuteremka ghafla. Hufanywa na watu wanaosafiri milimani wakati wa majira ya baridi nje ya njia zinazotunzwa, kwa mfano watembeao kwa skii au viatu vya theluji, wapanda milima, waendesha pikipiki za theluji na waongozaji wao. Hufanywa pia na taasisi za serikali zinazolinda vijiji, barabara na reli.

Maporomoko yanayoua wasafiri hao yana jambo moja linaloyatofautisha na majanga mengi ya asili: katika ajali nyingi, theluji hukatwa na uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenzake. Kwa sababu hiyo tathmini haihusu theluji peke yake. Inahusu pia uamuzi wa mtu: apite wapi, lini, pamoja na nani, na wapi asikanyage kabisa.

Aina za maporomoko

Kuna aina kuu nne:

- Poromoko la bamba: tabaka la theluji iliyoshikamana hukatika kwa mara moja na kuteleza kama kigae kimoja kikubwa, kisha huvunjika vipande njiani. Hili ndilo linaloua wasafiri wengi zaidi. Bamba kavu linaweza kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa au zaidi katika sekunde chache.
- Poromoko la theluji huru: huanza mahali padogo na kupanuka linaposhuka, likiacha alama yenye umbo la pembetatu. Kwa kawaida ni dogo, lakini linaweza kumsukuma mtu hadi kwenye jabali au korongo.
- Poromoko la theluji majimaji: hutokea mvua inaponyesha au jua linapoyeyusha theluji. Huenda polepole kuliko lile kavu, lakini ni zito sana.
- Kuanguka kwa barafu au kwa ukingo wa theluji unaoning'inia juu ya mgongo wa mlima. Ukingo huo unaweza kukatika nyuma zaidi ya pale msafiri anapodhani, na unapoanguka unaweza kukata bamba lililo chini yake.

Jinsi bamba linavyoundwa

Theluji ya majira ya baridi haianguki kwa siku moja. Kila dhoruba huweka tabaka lake, na kati ya dhoruba jua, baridi na upepo hubadilisha tabaka la juu. Kufikia katikati ya majira, ardhi imefunikwa na tabaka nyingi zenye ugumu tofauti.

Poromoko la bamba huhitaji vitu vinne: bamba lililoshikamana, tabaka dhaifu chini yake, mteremko mkali wa kutosha, na kichocheo. Mfano wake ni kitabu kilichowekwa juu ya punje za mtama kwenye ubao ulioinamishwa. Kitabu kinaweza kutulia kwa muda, lakini kikiguswa kidogo kinateleza chote, si ukurasa mmoja tu.

Tabaka dhaifu hutokea kwa njia kadhaa. Usiku wenye anga wazi na utulivu, umande ulioganda huota juu ya theluji kama manyoya membamba. Manyoya hayo yakifunikwa na theluji mpya bila kuvunjika, hubaki humo kwa majuma mengi yakiwa tayari kuporomoka. Njia nyingine ni tofauti ya joto ndani ya theluji yenyewe. Karibu na ardhi joto huwa karibu na sentigredi 0, wakati juu hewa inaweza kuwa baridi sana. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo hubanwa katika kina kidogo. Ikizidi takriban sentigredi 1 kwa kila sentimita 10, mvuke hupanda kutoka chini na chembe hugeuka kuwa fuwele kubwa zenye pembe, zisizoshikana, zinazomwagika mkononi kama sukari. Ndiyo maana mahali penye theluji chache panaweza kuwa na hatari kubwa kuliko penye theluji nyingi. Tofauti ya joto ikiwa ndogo, chembe hugeuka kuwa za mviringo, hushikana, na theluji huimarika.

Mteremko

Kati ya mambo yote yanayopimwa, mwinamo wa mteremko ndio usiobadilika na unaoweza kujulikana kwa uhakika. Maporomoko mengi ya bamba huanza kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya nyuzi 25 ni nadra kuanza. Juu ya nyuzi 50 theluji kwa kawaida humwagika kidogo kidogo kabla ya kujikusanya. Miteremko inayopendwa na watembeao kwa skii iko katikati ya kiwango hicho cha hatari.

Jicho hukosea kwa urahisi, hivyo mwinamo hupimwa kwa kifaa cha kupimia pembe, kwa programu ya simu, au kwa ramani: mistari ya kimo inapokaribiana, mteremko ni mkali zaidi. Ramani nyingi za kidijitali za Alpi na Amerika Kaskazini huonyesha kwa rangi maeneo yote yanayozidi nyuzi 30.

Lakini si lazima msafiri awe juu ya mteremko mkali ili awe hatarini. Poromoko huanza juu na kusimama mbali chini, hata kwenye uwanda. Tena, tabaka dhaifu linaweza kuvunjika chini ya miguu ya mtu aliye mahali tambarare, mpasuko ukakimbia na kukata bamba lililo juu yake. Kwa hiyo swali si tu "ninasimama juu ya nini?", bali pia "kuna nini juu yangu?"

Uelekeo wa mteremko ni muhimu pia. Upepo huchukua theluji upande unaopigwa na kuirundika upande uliokingwa, mara nyingi kwa kasi kubwa kuliko theluji inavyoanguka kutoka angani. Upande huo uliokingwa hupata mabamba mazito hata siku ambayo anga ni safi. Katika nusutufe ya kaskazini miteremko inayotazama kaskazini hupata jua kidogo, hubaki baridi, na huhifadhi tabaka dhaifu kwa muda mrefu. Ile inayotazama kusini huimarika mapema, lakini hupata maporomoko majimaji mchana wa majira ya kuchipua.

Mwisho hutazamwa mitego ya ardhi: korongo, kitanda cha mto, jabali, miti au mwamba chini ya mteremko. Poromoko dogo lisiloweza kumfunika mtu kwenye uwanja wazi linaweza kumzika mita kadhaa ndani ya korongo.

Hali ya hewa na dalili za hatari

Hatari hupanda hali ya hewa inapobadilika haraka kuliko theluji inavyoweza kuzoea. Theluji mpya ya sentimita 30 au zaidi kwa siku moja, upepo mkali, mvua juu ya theluji, au joto la ghafla ni mambo yanayohesabiwa kila mara. Saa 24 hadi 48 baada ya dhoruba huwa na ajali nyingi, kwa sababu jua limetoka, theluji ni nzuri, na bamba bado halijashikana na tabaka za chini.

Dalili zinazoonekana au kusikika wakati wa safari ni hizi:

- maporomoko mapya kwenye miteremko ya karibu yenye uelekeo na kimo kinachofanana;
- sauti nzito ya kushuka chini ya miguu, ambayo ni ya tabaka dhaifu linalovunjika;
- nyufa zinazokimbia kutoka kwenye skii au kiatu;
- theluji inayopeperushwa kutoka kwenye migongo ya milima;
- mipira ya theluji inayobingirika yenyewe kwa sababu ya joto.

Dalili moja tu kati ya tatu za kwanza inatosha kumfanya msafiri aache miteremko yote inayofanana. Kutokuwepo kwa dalili, hata hivyo, si ushahidi wa usalama.

Majaribio ya theluji

Msafiri anaweza kuchimba shimo hadi ardhini, au hadi kina cha mita moja au zaidi, na kuzichunguza tabaka moja baada ya nyingine kwa kidole, penseli na kisu ili kujua ugumu wake. Baada ya hapo hufanya majaribio.

Katika jaribio la mgandamizo, nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30 hutengwa na kupigwa juu kwa koleo mara 30: 10 kutoka kwenye kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko na 10 kutoka begani. Pigo lililovunja tabaka dhaifu huandikwa. Katika jaribio la nguzo ndefu, upana wa nguzo ni sentimita 90 na hupigwa upande mmoja tu. Hapa kinachotafutwa ni kama mpasuko, ukishaanza, unakimbia hadi upande wa pili. Mpasuko ukikimbia, bamba la mteremko mzima linaweza kufanya vivyo hivyo.

Majaribio haya yana mpaka wake. Theluji hutofautiana ndani ya mita chache, na shimo moja huonyesha mahali pamoja tu. Waongozaji wenye uzoefu hulitumia shimo kutafuta sababu ya kurudi, si ruhusa ya kuendelea. Matokeo mabaya huaminiwa, lakini matokeo mazuri hayafuti onyo la taarifa rasmi.

Taarifa za hatari

Nchi nyingi zenye milima ya theluji hutoa taarifa za hatari wakati wa majira ya baridi. Nchini Uswisi hutolewa na taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko ya Davos, inayojulikana kwa kifupi SLF, kila siku saa 11 jioni kwa ajili ya siku inayofuata. Nchini Kanada kuna Avalanche Canada, na nchini Marekani kuna vituo vya majimbo na maeneo, kama vile vya Colorado na Utah.

Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo cha pamoja chenye ngazi tano, na Amerika Kaskazini hutumia kipimo kinachofanana nacho:

- Ngazi ya 1, ndogo: theluji imetulia kwa jumla. Hatari imebaki kwenye miteremko michache mikali sana.
- Ngazi ya 2, ya wastani: baadhi ya miteremko mikali inaweza kukatika, hasa kwa uzito mkubwa kama kundi la watu.
- Ngazi ya 3, ya kutia wasiwasi: mtu mmoja anaweza kukata bamba kwenye miteremko mingi mikali.
- Ngazi ya 4, kubwa: mtu akipita mteremko mkali, poromoko linatarajiwa. Mengine hutokea yenyewe.
- Ngazi ya 5, kubwa sana: maporomoko makubwa hutokea yenyewe na kufika mabondeni.

Kipimo hiki hakipandi kwa hatua zilizo sawa: hatari ya ngazi moja ni kubwa mara kadhaa kuliko ya ngazi iliyo chini yake. Kosa la kawaida ni kuidhania ngazi ya 3 kuwa "ya katikati", yaani ya kawaida. Kwa kweli ndiyo ngazi yenye vifo vingi vya wasafiri, kwa kuwa katika ngazi za 4 na 5 watu wengi hubaki nyumbani, wakati katika ngazi ya 3 bado wanatoka.

Taarifa hutaja pia aina ya tatizo (theluji mpya, iliyobebwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani au theluji majimaji) pamoja na kimo na uelekeo wa miteremko inayohusika. Sehemu hii ina manufaa kuliko namba peke yake, kwa sababu humwambia msafiri mahali pa kukwepa.

Mwongozaji wa milimani wa Uswisi, Werner Munter, aliunganisha taarifa na mwinamo katika kanuni rahisi: katika ngazi ya 2 msafiri abaki chini ya nyuzi 40, katika ngazi ya 3 chini ya nyuzi 35, na katika ngazi ya 4 chini ya nyuzi 30. Kanuni hiyo haiondoi hatari yote, lakini humpa hata mgeni mahali pa kuanzia.

Makosa ya kibinadamu

Wahanga wengi hawakuwa watu wasiojua. Mtafiti wa Marekani Ian McCammon alichunguza mamia ya ajali na kuonyesha kwamba hata watu waliopata mafunzo waliingia kwenye miteremko iliyokuwa na dalili za wazi. Alitaja mitego ya fikra inayojirudia: kuzoea mahali ("tumepita hapa mara nyingi"), kutaka kukubalika na wenzake, kung'ang'ania lengo lililopangwa, kumfuata anayeonekana mjuzi bila kumhoji, kugombea theluji ambayo haijapitwa, na kuona usalama katika nyayo za wengine.

Mtego wa kuzoea una sababu maalumu. Mteremko mbaya haukatiki kila siku, na mtu anaweza kukosea mara 20 na kurudi salama kila mara. Kila safari humfundisha kwamba uamuzi wake ulikuwa sahihi, ingawa aliokolewa na bahati. Kwa hiyo makundi mengi yana desturi kwamba mtu yeyote, hata mgeni kuliko wote, akisema turudi, kundi linarudi bila mabishano.

Mwenendo wa safari

Uamuzi mkubwa hufanywa nyumbani, kabla ya mwili kuchoka na tamaa kuingia. Kundi husoma taarifa, huchora njia kwenye ramani, na huchagua mapema njia mbadala ya miteremko iliyo chini ya nyuzi 30.

Mahali pa hatari hupitwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka sehemu iliyo salama, ili akinaswa wawepo wa kumwokoa. Njia bora hufuata migongo ya milima, uwanda mpana au msitu mnene. Hakuna anayepumzika chini ya mteremko mkali.

Vifaa na uokoaji

Kila mtu hubeba vifaa vitatu: kifaa kidogo cha redio kinachovaliwa mwilini, ufito mrefu wa kuchunguzia unaokunjwa, na koleo. Kifaa cha redio hutoa mawimbi ya kilohezi 457 muda wote. Mtu akizikwa, wenzake hugeuza vyao viwe vya kupokea na kufuata mawimbi hadi karibu naye, kisha humtafuta kwa ufito na kumfukua. Baadhi ya wasafiri huvaa pia mkoba wenye mifuko ya hewa inayojaa ghafla na kumsaidia mtu abaki juu ya theluji inayotiririka.

Muda ndio huamua. Aliyezikwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, uwezekano wa kupona ni takriban watu 9 kati ya 10. Baada ya nusu saa hushuka hadi karibu theluthi moja. Wengi hufa kwa kukosa hewa, wengine kwa majeraha. Theluji iliyosimama huganda ngumu kama saruji, na aliye ndani hawezi kujichimbua. Helikopta na mbwa wa uokoaji kwa kawaida hufika wakati huo umeshapita, hivyo mwokoaji wa kweli ni mwenzake aliye karibu.

Historia

Wenyeji wa Alpi walijua hatari hii kwa karne nyingi na waliacha misitu juu ya vijiji vyao bila kuikata. Utafiti wa kisayansi ulianza Davos katika miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1950–1951 yaliua watu zaidi ya 200 katika Alpi, na baada yake Uswisi na Austria zilijenga kuta na uzio mwingi wa kuzuia theluji. Tarehe 23 Februari 1999 poromoko lilifika katikati ya kijiji cha Galtür, Austria, hadi sehemu zilizodhaniwa kuwa salama, na kuua watu 31. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha maarifa ya Uswisi na Austria ya kukabiliana na maporomoko kama urithi wa utamaduni usioshikika.

Amerika Kaskazini, poromoko la tarehe 1 Machi 1910 huko Wellington, jimbo la Washington, lilisukuma treni mbili bondeni na kuua watu 96.

Tarehe 1 Februari 2003 kundi la watu 17, wengi wao wanafunzi, lilikuwa likitembea kwa skii bondeni karibu na Rogers Pass, Kanada, wakati poromoko liliposhuka kutoka juu sana kwenye mlima. Wanafunzi 7 walikufa. Hawakuwa juu ya mteremko mkali. Walikuwa chini yake. Baada ya ajali hiyo, idara ya hifadhi za taifa ya Kanada ilianzisha mwaka 2004 kipimo cha ardhi chenye madaraja matatu, yaani rahisi, yenye changamoto na tata. Kipimo hiki hakihusu theluji ya siku fulani, bali huonyesha jinsi njia yenyewe ilivyo wazi kwa maporomoko mwaka mzima, ili hata anayepanga safari mbali na mlima ajue anaelekea wapi.

Afrika

Barani Afrika theluji ya msimu hupatikana hasa katika milima ya Atlas nchini Moroko, ambako kanuni zilizoelezwa hapo juu hutumika. Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori zina barafuto ndogo zinazoendelea kupungua, lakini hazina majira marefu ya baridi ya kujenga tabaka nyingi za theluji. Hatari ya huko ni zaidi ya mawe na barafu kuanguka kutoka kwenye kuta, kama ilivyotokea Januari 2006 upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ambapo wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa na mawe.

Tazama pia

- Theluji
- Barafuto
- Alpi
- Maporomoko ya ardhi